Chuma Kisichopita Motoni

Nyasho, Musoma, 6 Machi 1955

Mwanaupe amechoka. Kila jioni, tukishakula, namweleza ninayoyaogopa, na jana aliniwekea daftari hili mapajani akasema, "Baba Shani, mwambie huyu. Mimi nataka kulala."

Basi, daftari, sikiliza. Naogopa radi, kwa kuwa mimi ni fundi redio na nyumba yangu ina waya mrefu juu ya bati kuliko nyumba yoyote hapa Nyasho. Naogopa mvua za mwaka huu, zilizoanza mapema na kwa hasira. Zaidi ya yote namwogopea kaka yangu Omari, nahodha wa motaboti ya Bwana Yunusu mfanyabiashara, anayekwenda Ukerewe na Mwanza na kurudi katika ziwa lililochafuka.

Bwana Yunusu alinunua redio mbili za jeshi zilizobaki baada ya vita. Moja iko kwenye motaboti, nyingine stoo kwake karibu na gati, na mimi ndiye ninayeisikiliza. Hazina kitufe cha kuzungusha cha kutafutia stesheni. Sauti zao zimefungwa mahali pamoja kwa viini vidogo vyenye nyuzi za skrubu, vinavyoingia na kutoka ndani ya koili. Mwezi uliopita redio ya Omari ilipiga mluzi, naye akachukua kisu cha kuparia samaki akazungusha kiini. Kikapasuka.

"Nilikigusa kidogo tu," aliniambia.

Tangu siku hiyo anasafiri bila sauti, na mimi silali.


10 Machi

Jibu la barua niliyopeleka Nairobi limekuja. Vipuri vya redio zile havipatikani tena. Bwana Yunusu anasema watu walivuka ziwa kabla redio hazijazaliwa. Ni kweli, na wengine hawakufika.

Nimeamua kukitengeneza mwenyewe. Nilipokuwa jeshini Burma, kwenye kikosi cha mawasiliano, sajini wetu alituonyesha kiini kama hicho kimevunjika. Sote tulidhani ni kipande cha chuma, kumbe ni unga. Ukiweka chuma kizima ndani ya koili ya mawimbi ya kasi, umeme unazunguka ndani ya chuma chenyewe, chuma kinapata moto na mawimbi yanapotea bure. Kwa hiyo chuma kinasagwa laini kabisa, kila chembe inavishwa nguo yake ya lakiri isigusane na mwenzake, kisha zote zinashindiliwa pamoja. Zinakaa karibu karibu bila kugusana. Hapo nguvu ya sumaku inapita, ila umeme haupati njia.

Omari, ambaye huniita Muha tangu utotoni, alinisikiliza akacheka. "Na wewe, Muha, uliogopaga hivi hivi mbele ya Mjapani?"

Nilimjibu ndiyo, hivi hivi.


14 Machi, Bunda

Kwa Mzee Kwangu, mhunzi. Kwao ni upande wa Butiama, lakini kiwanda chake kipo hapa, nyuma ya soko. Ni mtu mpole mwenye mikono mikubwa, na ukoo wake wote ni wahunzi. Nilidhani atanicheka. Badala yake alivuta kigoda akasema, "Fundi, nionyeshe."

Tulichukua pete za mapipa, chuma chake ni laini. Tukakisaga kwa tupa, kisha kwa jiwe. Unga wote nikautia katika mafuta ya taa nikaukoroga. Chenga nene zilizama mara moja. Zile laini zilichelewa, zikaning'inia kama vumbi, na hizo ndizo nilizozitaka. Nikazikausha, nikazichanganya na lakiri ya maseremala iliyoyeyushwa kwa spiriti, nikapukuchua tena. Kwangu alichonga kalibu yenye nyuzi za skrubu ndani, tukashindilia kwa nyundo na nguzo ya chuma. Kilipotoka kilikuwa kizuri, kimependeza kuliko nilivyotegemea.

Lakini kilikuwa bado kibichi, na lori langu lilikuwa linaondoka. Kwangu aliniambia, "Niachie. Nitakimalizia na kukutumia."

Nimeridhika sana na mzee huyu.


18 Machi

Kiini kimekuja na dereva wa lori, kimefungwa katika jani la mgomba. Kimekuwa cheusi zaidi. Nadhani ni lakiri kukauka. Nimekitia kwenye redio ya Omari, nikakirekebisha kwa kijiti cha mwanzi, kwa sababu bisibisi ya chuma inaharibu mahesabu, na nikampa Omari kijiti kingine na kumwapisha asitumie kisu.


19 Machi

Sauti ya Omari kutoka Majita, safi kama yuko chumba cha pili. Mwanaupe ameniambia usiku nilikoroma.


26 Machi

Mvua. Omari alizungumza nami kwa muda mrefu leo, habari za mzigo wa sukari ulioloa. Mwishoni sauti ilififia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Ameniambia ni mvua tu.


3 Aprili

Imefifia tena. Mwanzo safi, katikati mtungi, mwisho hakuna. Akipumzika kidogo na kuanza upya, sauti inarudi. Mvua hainyeshi kwa zamu namna hiyo.


4 Aprili

Radi Makoko. Imeua ng'ombe.


11 Aprili

Nimewaambia wote wawili, Bwana Yunusu na Omari, pale stoo. Nimesema redio ya motaboti inaposemeshwa sana inahama. Haifi, inateleza kwenda chini, na ya kwangu inabaki pale pale ikisikiliza mahali pasipo na mtu.

Bwana Yunusu alimtazama Omari. Omari akanishika bega. "Bwana Yunusu, huyu ndugu yangu ukimsikiliza hutatoka nyumbani. Wakati tukiwa watoto alikuwaga anaogopa kuku wa mama."

"Alikuwa jogoo," nikasema.

Wakacheka mpaka wapagazi wa gatini wakaja kuchungulia. Mimi pia nilicheka, nifanyeje. Lakini kurudi nyumbani niliwaza jambo lililoniuma: nimeogopa vitu vingi sana mbele za watu, na sasa nimepata kitu cha kuogopwa kweli, hakuna anayeniamini.


16 Aprili

Motaboti ilikuwa gatini. Nimemwomba Omari aisemeshe redio yake mfululizo, ahesabu, asome Fatiha, lolote. Kisha nikafungua kifuniko na kugusa kiini.

Nimeungua kidole.

Kiini cha unga hakitakiwi kuwa na moto hivyo. Maana yake chembe zimegusana. Chuma kimerudi kuwa kizima, na umeme umepata njia ya kuzunguka. Lakini nilizivisha mwenyewe, niliziona. Nani amezivua nguo? Nimemwambia Omari asiondoke mpaka nirudi kutoka Bunda. Amesema, "Nenda, nenda," huku akitazama kwingine.


21 Aprili, Bunda

Mito imefurika. Lori letu lilikwama njiani tukalala humo, na nimefika kwa Kwangu nikiwa tope tupu na hasira tele. Safari nzima nilikuwa nimemtungia maneno makali. Niliwaza kwamba amenibadilishia unga, au ameudharau.

Nilimuuliza, "Mzee, kile kiini ulikifanya nini baada ya mimi kuondoka?"

"Nilikimaliza."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa moto," akasema, tena kwa upole, kama mtu anayemwambia mgeni maji yako wapi. "Nilikipitisha motoni kidogo, kikaiva. Fundi, kwetu chuma hakitoki mkononi mwa mhunzi hakijapita motoni. Hata sindano. Kile ulichoniachia kilikuwa kibichi."

Nikakaa chini. Moto uliichoma lakiri. Chembe zikabaki uchi, zikashikana. Alinipa alichoona ni bora kabisa, ile kazi ya mwisho ambayo angempa hata mtoto wake, na ndiyo iliyoharibu. Maneno yangu makali yote yakaniishia.

Nilimweleza. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi kule Burma. Kisha nikasema nataka kingine, na hiki nikichukue kibichi, na hapo nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Mzee aliweka nyundo chini akaketi mbali na moto.

"Baba yangu aliwahi kutoa jembe halijaiva," akasema. "Mkwe wake alikuwa na haraka, kama wewe. Ndugu yangu mkubwa hakumaliza mwezi. Chuma kibichi kinarudigi kwa mtu. Kama si wa kwako, ni wa kwangu."

Nimezoea kuwa mimi ndiye mwenye hofu katika chumba chochote. Nilimwambia kaka yangu yuko ziwani na sauti yake inapotea.

Mwisho aliinuka. Tulisaga, tulikoroga, tulivisha, tulishindilia. Safari hii hakukigusa. Aliniambia nikitoe kwenye kalibu kwa mkono wangu mwenyewe, nikikaushe kwenye nyumba ya wageni, kisilale kiwandani kwake. Na wakati wa kuagana alinishika kifundo cha mkono.

"Likitokea jambo uje uniambie, fundi. Usinifiche."

Nimeahidi.


25 Aprili

Ramadhani imeanza jana. Nimerudi nyumbani na kiini kwenye mfuko wa shati, nimekifunga kwa pamba.

Motaboti imeondoka. Omari hakunisubiri. Bwana Yunusu alikuwa na abiria wa Ukerewe na tende za mfungo, na Omari alimwambia Mwanaupe, "Mwambie Muha asiogope, narudi siku ya tano."

Kiini kiko mfukoni mwangu. Yeye yuko ziwani na kile kilichoungua.


26 Aprili

Nimemsikia. Nimemwambia azungumze kwa ufupi. Amesema, "Ndiyo, mama."


27 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Daku sikula.


28 Aprili

Amesema anatoka Ukerewe kesho.


30 Aprili

Naandika ya jana. 

Baada ya adhuhuri ziwa liligeuka rangi ya bati. Nilikuwa stoo, peke yangu na Kasmiri, mvuvi wa Makoko, aliyekuwa ameleta samaki wake aina ya ningu akakwama kwa mvua. Alikaa juu ya gunia, anakamua kofia. Mvua iligonga bati hata hatukuweza kusemezana. Nilikuwa nimeweka sikio kwenye redio.

Sauti ya Omari ikaingia. "Muha. Mashine imezimika. Maji yameingia kwenye mashine."

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema hajui, haoni kitu, mvua imefunga pande zote na upepo unamsukuma. Abiria wanalia. Nilisikia nyuma yake mwanamke akimwita Bikira Maria.

Nikamwambia, "Kaka, nisikilize. Sema mahali ulipo ukipaona, kisha unyamaze. Redio yako ukiisemesha itapata moto, nitakupoteza. Achia kitufe, ipoe."

Alikuwa akinisikia vizuri, kwa maana koili yake ya kupokea ni nyingine, nzima. Lakini hakuachia. Alisema, "Muha, usiniache." Akaendelea. Aliniambia mawimbi, aliniambia maji yalipofika, alitaja jina la mama yetu. Kaka yangu, aliyenifundisha kuogelea kwa kunitupa majini, alikuwa anaogopa na hakujua kuogopa kunafanywaje. Mimi ninajua, nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote. Mtu akiogopa hawezi kunyamaza. Kila neno lilikuwa linakipasha moto kile kiini, na sauti yake ikaanza kuingia mtungini.

Nikachukua kijiti cha mwanzi, nikafungua kifuniko cha redio yangu. Kama yeye hawezi kukaa, mimi nitamfuata. Nikazungusha kiini changu kuingia ndani ya koili, kidogo, sauti ikarudi. Ikafifia. Nikazungusha tena. Alikuwa anashuka nami nashuka nyuma yake. Mkono wangu wa kushoto niliukandamiza juu ya redio isisogee. Kasmiri alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia harufu ya samaki na pumzi yake.

Kisha kijiti kikagoma. Nyuzi zimekwisha, kiini kimefika mwisho wa koili, na Omari alikuwa bado anashuka. Niliusikia ukimya ukija. Sijawahi kuogopa hivyo, si Burma, si popote. Nililia, nalisema wazi hapa. Nilimwambia Mungu nimefunga, nimeswali, nipe mzunguko mmoja tu.

Ndipo nikakumbuka mfuko wa shati.

Nikakitoa kile kibichi kwenye pamba, nikakiingiza kwenye koili kutoka upande wa pili, kwa ncha ya kidole. Kitu kikapiga mluzi, halafu Omari akawa mle ndani, safi, katikati ya neno.

"...jiwe, Muha, jiwe kubwa limekaa juu ya lingine, juu kumekuwa kweupe kwa mavi ya ndege, na mti mmoja umelala..."

Kasmiri akanishika bega. "Mti umelala upande gani? Muulize!"

Nikauliza. Omari akasema umelala kuelekea ziwani, umeshika jiwe.

"Hapo ndipo ninategaga ningu," Kasmiri akasema. "Ni kwetu hapo, nyuma ya Makoko. Mwambie asiruke! Chini ya lile jiwe kuna mkondo. Wakae ndani hata ikivunjika. Nakuja kwa upande wa nyuma na vijana." Na akatoka mbio katika mvua, kofia ameiacha.

Niliyarudia maneno hayo kwa Omari mpaka akayarudia yeye. Nikasikia kishindo, mbao, kelele za watu. Kisha nikasema neno gumu kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu. "Kaka, Kasmiri anakuja. Sasa achia kitufe."

Akaachia.

Nilikaa nikiusikiliza ule uvumi mtupu, kidole changu kimeshikilia kiini, sikuthubutu kukiondoa. Magharibi iliadhiniwa na sikufuturu. Mwanaupe alikuja na tende, akaniona, akakaa karibu yangu. Giza lilikuwa limeingia mitaani watu walipoanza kupiga kelele gatini.

Wote wamefika. Motaboti imevunjika vipande viwili pale kwenye mawe. Omari alikuwa amejifunga shuka la mke wa Kasmiri. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili.


9 Mei

Bwana Yunusu analalamika kuhusu motaboti, lakini kwa sauti ndogo. Kasmiri nimempelekea kofia yake, akanipa samaki.

Omari yuko kwetu. Anakaa barazani akilitazama ziwa. Radi ikipiga anashtuka, kisha ananitazama kama ananiuliza, na mimi namwambia hiyo ilikuwa mbali. Tangu siku ile hajaniita mwoga. Ningependa aniite.


22 Mei

Kesho huenda ni Idi. Mchana Mzee Kwangu amefika mlangoni, amekuja kwa lori kutoka Bunda, amekonda. Nilipomwona niliona aibu. Nilimwahidi kwenda kumwambia, sikwenda. Barabara, nilijiambia.

Hakukaa. Aliuliza akiwa amesimama, "Nimesikia chombo kimevunjika. Nani kafa?"

"Hakuna, mzee. Wote wazima. Kaka yangu huyu hapa."

"Niambie ukweli, fundi. Silali."

Nikamwambia yote. Nikamwambia ni chuma chake kibichi kilichomrudisha Omari, kwamba kingepita motoni leo tungekuwa tunasoma hitima. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Omari, akamgusa mkono kuhakikisha ni mtu. Kisha akanyoosha kiganja.

"Nashukuru Mungu. Lakini bado hakijapita. Nipe."

Nilikitoa. Kiini kile nilikuwa nimekipangia mambo. Kilikuwa kizuri kuliko vya kiwandani, na nilitaka kukihifadhi, nije nimwonyeshe Shani akikua. Nilimtazama mzee, macho yake mekundu, midomo mikavu, namna alivyosimama karibu na mlango ili asiingize nuksi yake ndani ya nyumba yangu. Nikamwita Mwanaupe alete jiko.

Kwangu alikiweka katikati ya makaa, akapepea kwa kawa la kufunikia chakula. Lakiri ilinuka, moshi mwembamba ukatoka, kikawa chekundu, chembe zote zikashikana zikawa kipande kimoja cha chuma kisichofaa kitu. Mzee akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka, kwa mara ya kwanza akaketi.

Omari alikuwa akitazama tangu mwanzo. Akasema polepole, "Muha, si umesema moto unakiua?"

"Umekwisha kukiua."

"Sasa kwa nini umempa?"

"Alikuwa anaogopa," nikasema.

Omari hakucheka. Alivuta kigoda chake akakaa kati yetu, mimi upande huu na mzee upande ule, tukasubiri jiko lipoe.